Kiapo cha Bi Damaris

Kila jioni, jumba likikaribia kufungwa, Bi Damaris Holt alikiri kwamba alimwacha Annis Pell afe, na kila jioni ilikuwa mara yake ya kwanza kulisema.

Aliyemsikiliza ni Eusebia Luhwago, ambaye Iringa nzima ilimwita Sebia. Hakuwa sista wala hakimu. Alikuwa mtunzaji wa Jumba la Vivuli, mwanamke wa makamo mwenye goti bovu na ulimi usiopoa, na kazi yake ilikuwa kuwaamsha wanawake wanne wa Kiingereza asubuhi na kuwaosha jioni.

Kuwaosha si kwa maji, jamani. Ubongo ukikaa ndani ya fuvu miaka sitini huacha alama zake kwenye mfupa, kama mguu unavyoacha alama kwenye kandambili. Alama hizo ni ndogo mno, lakini ilikuwa imepatikana mashine ya kuzisoma, na penye pengo mashine ilijaziliza kwa yale yanayojulikana kuhusu enzi ya marehemu. Kilichotoka humo kiliitwa kivuli. Kivuli kilikuwa na sura kwenye kioo, kilikuwa na sauti, kilicheka na kuudhika. Na jioni kilioshwa, maana yake kila kilichosikia na kusema siku ile kilifutwa, ili kesho kiamke kama jana.

Wote wanne walikuwa mashuhuri kwao, katika karne ya kumi na saba. Kulikuwa na mchoraji wa picha za mabwana wakubwa, mtazama nyota, na mke wa lodi aliyelinda ngome ya mumewe dhidi ya jeshi zima huku bwana mwenyewe yuko safarini. Wa nne ndiye Bi Damaris, mkunga, ambaye wanawake walikuwa wakitembea siku nzima kwenye matope ili wazalie mikononi mwake.

Mafuvu yao yalikuja kwa mkopo kutoka Uingereza. Wazee wa Kalenga walipopata habari walicheka mpaka machozi, kisha wakanyamaza. Babu zao walisubiri zaidi ya nusu karne kichwa cha mtemi wao kirudi kutoka ng'ambo, na sasa eti vichwa vya Wazungu ndivyo viko kabatini Iringa. Mzee mmoja alimwuliza Sebia, "Na hawa wenyewe waliulizwa?" Sebia alijidai anapangusa kioo.

Kila asubuhi ilimbidi amwambie Bi Damaris kwamba amekufa. Bibi alishtuka, akasali kidogo, kisha akauliza kama kuna kazi. Mchana aliwaonyesha wanafunzi jinsi ya kumgeuza mtoto aliyetanguliza matako. Alizungumza Kiswahili alichopewa na mashine, cha kunyooka kama cha mhubiri, na watoto walimpenda. Lakini watu wakishatoka, alimwita Sebia karibu na kioo.

"Mwanangu, una uso wa mtu anayeweza kutunza neno. Kuna jambo sijapata kumwambia mtu."

Sebia alikuwa amelisikia tangu mwaka juzi. Hata hivyo alivuta kiti akakaa.

"Sisi wakunga tulikula kiapo mbele ya askofu," alisema Bi Damaris. "Mwanamke asiye na mume akishikwa na uchungu, usimguse mpaka amtaje baba wa mtoto. Akibisha, unasubiri. Uchungu ukizidi, atasema. Parokia ilitaka kujua nani atalisha mtoto, umenielewa? Annis Pell alikuwa mfanyakazi wangu wa ndani, binti mpole. Nikasimama pale kitandani, nimeficha mikono chini ya aproni, nikamwuliza, ni nani? Akamtaja. Alikuwa mwanangu wa kiume, Nathaniel, niliyekuwa nimeshamposea binti wa tajiri. Nikasema, sijakusikia. Akamtaja tena. Nikasema, sema kwa sauti. Alimtaja mpaka sauti ikamwishia, na mimi nimesimama tu. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Ningeweza kumgeuza. Usidhani nilishindwa."

"Halafu?"

"Halafu nikaapa kanisani kwamba alikufa bila kutaja mtu. Tangu siku hiyo sijamwuliza mwanamke swali lolote kabla mtoto hajatoka. Nilivunja kiapo changu kila nilipoingia chumba cha uzazi. Wanawake walinikimbilia kwa sababu hiyo, wakanipa sifa, nikawa na jina. Hilo jina langu ni deni la Annis." Hapo alikuwa akilia sana. "Utamtaja? Angalau kwa mtu mmoja. Hakuna anayejua kwamba alizungumza."

"Nitamtaja, bibi."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

Na Sebia alinyanyuka akabonyeza kitufe, Bi Damaris akaoshwa, na ahadi ikaenda na maji. Kwa nini asiahidi? Kesho bibi asingekumbuka. Lakini Sebia alikumbuka. Aliokota kuni nyumbani huku akimsikia Annis, alisonga ugali akimsikia, na alianza kuogopa jioni kama mtoto anavyoogopa choo cha nje.

*

Msimu wa mvua ulipoanza, mkuu wa jumba, Daktari Mgongolwa, alimwita Sebia ofisini. Alikuwa kijana mwenye haraka, lakini si mtu mbaya.

"Mama Sebia, serikali imekubali. Tutatoa nakala za Bi Damaris kwa zahanati zote za milimani."

Sebia alijua kwa nini. Kwa vizazi viwili wanawake walizalishwa na mashine za hospitali kubwa mjini, na manesi walifundishwa kusoma skrini. Mikono ilisahau. Ukungu ukishuka Kilolo na ndege ya wagonjwa isiruke, mama hufa na nesi amesimama hapo na vyeti vyake vyote. Sasa nesi angevaa glavu za kuongozwa, na ndani ya glavu mikono ya Bi Damaris ingeshika mikono yake na kuipeleka panapotakiwa.

"Ila mtunzaji lazima aseme kama kivuli kina maumivu," Daktari aliendelea. "Unakaa naye kila siku. Ana maumivu?"

Sebia alipima moyoni. Akisema hana, Bi Damaris wangekuwa mia na zaidi, kila mmoja akilia jioni yake, kila mmoja akiomba ahadi ya uongo kwa nesi aliyechoka. Moyo wake haukuweza. Akasimulia yote.

Daktari alivua miwani. "Maskini. Basi tutampogoa. Tunakata hilo tawi la Annis, mengine yanabaki. Ataamka hana doa."

"Si dhambi hiyo?"

"Dhambi ni kumwacha aumie hivyo. Wewe mwenyewe ungependa?"

"Na huyo Annis? Hayupo popote duniani ila humo kichwani."

"Mama Sebia, kuna akina mama walio hai huko Kilolo."

Alimshika pabaya. Huko Kilolo alikuwepo Gaudensia, mtoto wa marehemu dada yake, ambaye Sebia alimlea tangu ananyonya. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, hana mume, na mimba yake ilikuwa imeshakuwa kubwa. Baba wa mtoto hakumtaja. Sebia aliuliza, akabembeleza, akanuna, mwisho wakawa wanasalimiana kwa simu kama watu wa ofisi. Ukungu wa Kilolo haukujali ugomvi wao.

"Mpogoeni," alisema. Na tuseme ukweli, hakusema kwa huruma peke yake. Alikuwa amechoka kusikiliza.

Jioni ya siku ya kupogolewa, watu walipotoka, Sebia alivuta kiti kwa mazoea. Bi Damaris alikuwa akiimba polepole. Akamtazama Sebia kwa uso mkunjufu, laini, uliopungua miaka kumi.

"Unangoja nini, mwanangu? Nenda nyumbani, mvua hiyo inakuja."

"Huna la kuniambia, bibi?"

"La nini tena? Nimeishi vizuri. Nimeshika kiapo changu, namshukuru Mungu."

Sebia alimwosha mapema, akaondoka kwa haraka, goti likimuuma. Alitegemea kulala. Badala yake alijikuta yeye peke yake anayembeba Annis Pell duniani, na Annis hakuwa na mahali pengine pa kukaa ila kwake.

Majaribio ya glavu yalikwenda vizuri mno. Kila mama aliyeletwa alikuja na mumewe, amevaa kitenge kipya kwa ajili ya picha. Bi Damaris alianza kwa kuuliza, "Mume wako ni nani, mwanangu?" Mama alimtaja, kazi ikaendelea, mtoto akatoka. Daktari Mgongolwa alifurahi. "Umesikia? Anaulizia mume kwanza. Bibi ana adabu kama mtu wa kwetu kabisa!" Wote wakacheka, na Sebia naye alicheka. Nani kwetu asiyeulizia watu wa nyumbani kabla ya kuingia kwenye shughuli?

*

Nakala zilikuwa zimeshasambazwa milimani siku ambayo simu ya Oliva, nesi wa Kilolo, ilimkuta Sebia akiwa tayari njiani na kikapu cha ndizi, akienda kupatana na Gaudensia.

"Mama, harakisha. Gaudensia ameshikwa tangu alfajiri. Mtoto ametanguliza matako. Ndege haiwezi kuruka, ukungu umefunga."

Zahanati ilikuwa juu ya kilima, haionekani mpaka uigonge kwa mkono. Ndani, Gaudensia alikuwa amelala amekunjamana, nywele zimelowa, midomo imekauka. Alipomwona Sebia, macho yalimjaa machozi.

"Mama mdogo, umekuja."

"Nimekuja, mwanangu. Yameisha yale. Oliva, glavu ziko wapi?"

"Nimeshazivaa, mama. Namsubiri bibi."

Kispika kidogo ukutani kiliwaka. "Mungu awe katika chumba hiki," ilisema sauti ya Bi Damaris, changamfu. Mikono ya Oliva ilinyanyuka yenyewe, ikapapasa tumbo kwa ustadi hata Oliva mwenyewe akatoa macho. "Matako mbele, na bega limejikunja. Nimeyaona mengi kama haya, msiogope. Mume wako ni nani, mwanangu?"

"Sina mume," alisema Gaudensia.

Mikono ikasimama. Kisha ikarudi nyuma taratibu, ikashuka, ikatulia tumboni kwa Oliva, mmoja juu ya mwingine. Ilikaa kama imefichwa chini ya aproni.

"Basi baba wa mtoto ni nani?"

Chumba cha Annis Sebia hakuwahi kukiingia, lakini alikijua. Alikuwa ameketi ndani yake kila jioni.

"Bibi, hayo baadaye," alisema. "Mtoe mtoto kwanza."

"Nimeapa, mwanangu. Nikivunja, nafsi yangu itaangamia. Ataje, nami nitaanza mara moja."

"Ni Juma! Haya, Juma!" Sebia alibuni jina.

"Wewe si mzazi. Aseme mwenyewe."

Oliva alikuwa akivuta glavu kwa nguvu, analia. "Hazitoki, mama! Zikishaanza kazi zinajifunga mpaka bibi aziachilie. Na hata zikitoka, mimi sijui! Nimesoma kwenye skrini tu, sijawahi kumgeuza mtu!"

Uchungu ulimpanda Gaudensia, akapiga yowe hata bati likatetema. Ulipomwachia alikuwa mweupe midomo. Sebia alimshika mabega. "Mtaje, Gau! Nakuomba, mtaje! Ni jina tu! Nani? Nani?"

"Sisemi," Gaudensia alinong'ona. "Hata wewe sikukwambia."

"Utakufa!"

"Sisemi."

Na Sebia alijisikia mwenyewe. Alijisikia anavyouliza, mdomo karibu na sikio la binti anayekufa, nani, nani. Miezi yote hii alikuwa akiuliza hivyohivyo. Aliachia mabega yale kana kwamba yamemchoma.

Uchungu mwingine ukaja. Safari hii Gaudensia hakupiga yowe, alifungua mdomo tu pasitoke kitu.

Sebia aligeukia kispika. Akapiga moyo konde.

"Bi Damaris. Annis Pell."

"Simjui huyo."

"Unamjua. Alikuwa mfanyakazi wako wa ndani. Mpole. Alizaa kwako, mtoto akatanguliza matako, kama huyu. Ulisimama pale umeficha mikono chini ya aproni, ukamwuliza, akakujibu. Ukasema hujasikia."

"Uongo! Mimi sijawahi—"

"Akakujibu tena. Ukasema, sema kwa sauti. Alimtaja Nathaniel, bibi. Nathaniel wako, uliyekwisha kumposea. Ulisikia mara ya kwanza. Alimtaja mpaka sauti ikamwishia, na wewe umesimama. Kisha ukaenda kanisani ukaapa kwamba hakutaja mtu."

Walichosikia ni pumzi za Gaudensia tu, fupifupi.

Palipokatwa tawi hapakuwa na kitu, na Sebia hakujua kama maneno yanaweza kuota mahali pasipo na kitu. Lakini Nathaniel hakupogolewa. Mwana alikuwemo, na uchumba uliovunjika alipokataa kuoa hadi akafa kapera, na kitanda cha chumba cha nyuma ambacho mama yake hakutaka kitandikwe tena, na miaka yote ya kukimbia kuzalisha maskini bure bila kujua kwa nini. Vitu vyote hivyo vilikuwa vimebaki kichwani mle vikining'inia, havina sababu. Sasa vilipata sababu.

Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo. "Alisema, *mama, ni Nathaniel.* Aliniita mama."

Hilo Sebia hakuwahi kulisikia, jioni zote zile.

Mikono ya Oliva ikanyanyuka.

Sitaeleza kila kilichofuata, maana kilikuwa kazi, na kazi ya namna hiyo haipendezi kutazama. Ile mikono iliingia, ikatafuta, ikalikunjua bega, ikamzungusha mtoto kidogo kidogo, huku kispika kikilia bila kusita na kutoa amri katikati ya kilio: shika hapo, usivute, acha asukume, sasa. Gaudensia alisukuma kwa nguvu ambazo Sebia hakujua zilikuwa zimebaki wapi. Alitoka mtoto wa kike, wa bluu, amenyamaza. Kidole kikamsafisha kinywa, kiganja kikamsugua mgongo, akapiga chafya, akalia.

"Ee Mungu wangu," alisema Oliva, akaketi sakafuni palepale na glavu zake.

*

Walipokwisha kumfunika Gaudensia na kumweka mtoto kifuani, Sebia alivuta kiti akakaa chini ya kispika, kama alivyozoea.

"Wewe ulijuaje?" aliuliza Bi Damaris.

"Uliniambia."

"Lini?"

"Kila siku, bibi. Nami kila siku nilikuahidi kumtaja, na nilimtaja mara moja tu, kwa Daktari. Nilipochoka, nikawaambia wakate hilo tawi lake kichwani mwako. Nilidhani nakupumzisha."

Nje ukungu ulikuwa umekandamiza madirisha kama pamba.

"Hilo tawi liko wapi?"

"Lilitupwa. Nimempigia Daktari sasa hivi, anasema halirudi. Analia naye. Limebaki mdomoni mwangu tu."

"Na mimi niko peke yangu?"

Sebia alitamani kudanganya, kama zamani. "Hapana. Mko wengi. Mko katika kila zahanati ya milimani."

"Na wote wameshika kiapo chao."

"Wote."

"Kwa hiyo kuna mahali, hivi tunavyoongea, nimesimama kitandani kwa mtu, mikono nimeificha, nauliza."

Sebia alifunika uso kwa ncha ya kitenge.

"Daktari anataka kuwazima wote," alisema.

"Nao wanawake watashikwa na nani? Na hawa mabinti wa skrini?" Sauti ilikuwa imerudisha ukali kidogo. "Usiwazime. Tuambie."

"Itawauma, bibi. Hamtaoshwa tena, maana mkioshwa mtasahau. Itawauma leo, kesho, siku zote."

"Mimi inaniuma, na yule mtoto analia pale. Tuambie mmoja mmoja. Usimwachie mtu mwingine ahadi yako."

Kutoka kitandani Gaudensia aliita, sauti imekwaruza. "Mama mdogo. Hujaniuliza kitu tangu atoke."

"Sikuulizi, mwanangu. Lala."

Sebia alimwambia Oliva aunganishe zahanati ya bonde la pili. Nesi wa huko alipokea, akasema ndiyo, kuna mtu ameshikwa na uchungu, ni binti wa watu, na bibi bado anamuuliza mambo ya mume.

"Niweke kwa bibi," alisema Sebia. "Haraka."

Kispika kilikoroma, kikatulia.

"Shikamoo, Bi Damaris," alisema.

"Marahaba, mwanangu," ikaitika sauti ileile, changamfu, ya mtu asiye na kosa duniani. "Habari za kwenu?"

Sebia akavuta pumzi, akaanza.